Miaka isiyo na karatasi: shajara ya maombi ya uanagenzi, Mbeya

13 Januari 2025

Mradi ni huu: mdogo wangu apate nafasi ya uanagenzi wa ufundi wa malori katika karakana moja upande wa Iyunga, inayofundisha kwa kushirikiana na chuo. Muda mwingi mwanagenzi anakuwa karakanani chini ya fundi, muda mwingine anaingia darasani, na kuna posho ya nauli na chakula. Maombi yanafungwa 14 Machi. Katibu wa mradi ni mimi, kwa sababu nina steshenari hapa Mwanjelwa, printa ni yangu, na kuchapa wasifu wa watu ndiko kunakonilipia kodi ya fremu.

Tangazo linataka cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa, picha mbili, wasifu, barua ya maombi iliyoandikwa kwa mkono, na wadhamini wawili wasio ndugu. Umri usizidi miaka 35. Yeye ana 28, hapo tumepona. Kinachotusumbua ni mstari wa mwisho kabisa: mwombaji aeleze shughuli zake zote tangu alipomaliza shule, mwaka kwa mwaka.

Jioni tumefunga duka tukafungua daftari la kaunta. Nikamwambia ataje, mimi niandike.

2014, kidato cha nne, Rungwe. 2015 hadi katikati ya 2017, kiwanda cha mbao Mafinga. Kuanzia hapo hadi 2019, nyumbani Tukuyu. 2019 hadi 2021, Chunya. 2021 hadi 2023, mashine ya mpunga Igurusi. Kutoka mwisho wa 2023 hadi leo, akanyamaza.

Ukilisoma daftari kama mtu wa ofisini, huyu kijana amefanya kazi miaka miwili na nusu katika kumi. Mimi niliyekuwa nampelekea nguo na dawa huko alikokuwa najua hajawahi kukaa bure zaidi ya miezi michache. Ila kujua kwangu hakugongwi mhuri.

18 Januari

Kabla ya kuandika neno nimeweka sharti: hakuna kunyoosha miaka. Wateja wangu wengi hunyoosha. Mtu kaacha kazi Juni 2018, anataka niandike Desemba 2019 ili iguse kazi iliyofuata. Wengine kila palipo wazi wanajaza "biashara binafsi", na ukiwauliza biashara gani wanaangalia dari. Wao nawachapia wanavyotaka, hela yao hiyo. Huyu akikamatwa na uongo ataniletea aibu nyumbani, na mama ataniuliza mimi.

Tena fikiria nani anasoma. Maombi ya ufundi hayasomwi na mtu wa karatasi peke yake. Kuna fundi mkuu pembeni, na fundi ana namba za mafundi wenzake kutoka Tunduma hadi Makambako. Kupiga simu moja kuuliza "huyu kijana alikuwa kwako lini" ni kazi ya dakika mbili.

Mdogo wangu naye kaja na mbinu aliyoiona kwenye simu: wasifu unaoanza na ujuzi, orodha ndefu ya "naweza hiki, naweza kile", miaka ikiwa imesukumwa mwisho kwa maandishi madogo. Nimeukataa. Wameomba mwaka kwa mwaka. Ukimpa msomaji ujuzi mtupu atageuza karatasi kutafuta miaka mwenyewe, na atakayoikosa ndiyo atakayoikumbuka. Tutaandika miaka upande wa kushoto, yote, bila kuruka hata mmoja, na mbele ya kila kipindi tutaweka jambo moja: alikuwa wapi, anafanya nini, nani anaweza kuthibitisha.

22 Januari

Tumeanza na Mafinga kwa sababu ndiyo rahisi. Alikuwa ameajiriwa kwa mkataba, anakatwa michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Amekwenda ofisi za NSSF hapa mjini na namba yake ya uanachama, wakampa taarifa ya michango. Hii ni karatasi ambayo watu wengi hawaikumbuki kabisa. Wanadhani NSSF ni ya kudai mafao tu, kumbe taarifa ile inaonyesha mwajiri ni nani na michango iliingia miezi gani. Kwa mtu ambaye hakupewa barua yoyote alipoondoka, hiyo ndiyo alama ya mguu iliyobaki.

Tatizo likajitokeza palepale: michango inaanza miezi kadhaa baada ya yeye kuanza kazi. Kiwanda kilichelewa kuwasilisha. Sasa daftari letu linasema Januari 2015 na karatasi inasema baadaye.

Akauliza, "Dada, si tuandike kama karatasi inavyosema tu?" Hapana. Kipande hicho tukikiacha kinageuka pengo jingine, na hili hata si lake. Tutaandika tarehe ya kweli na kutafuta cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Yeye hakupewa na hakuuliza. Nani anauliza, akiwa na miaka ishirini na mfuko wa nguo begani?

Nimepiga simu kiwandani. Nimeongea na mama mmoja wa ofisi ya utumishi, kwa upole wote niliojaliwa. Sikumtajia kifungu. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira kwa miaka mitano baada ya mkataba kwisha, na mdogo wangu aliondoka 2017, kwa hiyo wangeweza kuniambia faili limeshachomwa na stori ikaishia hapo. Akasema tulete barua ya maombi, nakala ya kitambulisho, na ile taarifa ya NSSF, atatazama stoo. Vimeondoka leo na basi la asubuhi kutoka Nane Nane.

25 Januari

Leo tumegombana kidogo kuhusu Tukuyu.

Mwaka 2017 baba alipata kiharusi. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, kaka yuko na familia yake na shamba, mdogo wangu hakuwa na mke wala mtoto. Kikao cha ukoo kikaamua arudi. Alimwosha baba, alimgeuza, alimbeba hadi barabarani siku za kliniki, hadi baba alipofariki 2019. Sasa anasema hiyo isiandikwe.

"Si kazi hiyo, dada. Wataona naomba huruma."

Nikamwambia huruma inakuja ukieleza sana. Ukiandika nusu ukurasa juu ya ugonjwa wa baba, ndiyo, umeomba huruma. Ukiandika mstari mmoja mkavu umetoa taarifa. Tumekubaliana hivi: "Julai 2017 hadi Machi 2019: Kumuuguza mzazi, Tukuyu, wilaya ya Rungwe (mzazi alifariki Machi 2019)." Basi. Hakuna jina la ugonjwa, hakuna karatasi za hospitali. Mambo ya mwili wa baba si ya kubandikwa kwenye faili la karakana.

Yale maneno ya kwenye mabano aliyataka yeye yatoke. Nikasema yabaki, ingawa sikuwa na sababu ya kumpa zaidi ya kuona kwamba bila hayo mstari unaning'inia.

Kuna kitu nakiona hapa dukani kila wiki. Wanawake wanaokuja na pengo la uzazi wanaona aibu kuliko hata waliofukuzwa kazi. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, lakini aliyekuwa kibarua au kwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu anajua likizo hiyo alikuwa akiisikia kwa wenzake. Anakaa nyumbani miaka miwili, halafu ananiambia niandike "biashara binafsi". Andika kulea, mama. Atakayesoma naye alilelewa na mtu.

3 Februari

Chunya. Hapa hakuna hata tiketi ya basi.

Alikwenda baada ya matanga, kama vijana wengi wa Mbeya wanavyokwenda Chunya, akidhani atarudi na gari. Hakuchimba sana. Alianza kuvuta kamba kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, akaishia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, upande wa Makongolosi, kwa sababu injini ilikuwa ikizima na yeye ndiye aliyekuwa na subira ya kuifungua. Alibadili beringi, alifunga mikanda, alisafisha vichujio vya dizeli, aliamsha kompresa. Malipo ya mkono kwa mkono. Bosi wa duara alishahama, na namba yake ya simu inapokelewa na binti mmoja wa Shinyanga ambaye sasa ametuzoea.

Mdogo wangu alikuwa ameandika "mchimbaji mdogo". Nikamuuliza, kwa siku ulikuwa unashika sururu au spana? Spana. Basi andika spana. "Msaidizi wa fundi wa karasha na kompresa, injini za dizeli, Makongolosi, Chunya." Karakana ya malori haihitaji mchimba dhahabu, inahitaji mtu ambaye injini ya dizeli imeshamchafua. Na ni kweli tupu, hatujaongeza chumvi.

Kwa uthibitisho tumempata fundi aliyekuwa juu yake. Amehamia Mbalizi, ana gereji ndogo ya kuchomelea. Amekubali kuwa mdhamini wa kwanza, kwa sharti kwamba tumpelekee kopi ya wasifu ili akipigiwa simu asipishane nasi. Mtu makini. Nadhani kila mdhamini apewe kopi, hata asipoomba.

8 Februari

Igurusi. Siku ndefu, mvua tangu Uyole.

Mzee mwenye mashine ya kukoboa mpunga hajibu simu, kwa hiyo tumekwenda wenyewe. Kwenye mteremko wa Inyala daladala yetu ilikaa nyuma ya lori linaloshuka kwa gia ndogo, breki zinanuka. Mdogo wangu akafungua dirisha akanusa, akasema gurudumu la nyuma kulia ndilo linaloshika. Abiria wakamcheka. Mimi nikafikiri, kama kungekuwa na namna ya kuambatanisha hiyo kwenye maombi.

Februari mashine imelala, mpunga bado uko shambani, kwa hiyo mzee alikuwa na muda. Ni Mnyakyusa mwenzetu aliyehamia huku kufuata mpunga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ugonile? Huyu mtoro wako umemtoa wapi?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Mtoro kwa sababu 2023 mzee aliuza mashine moja, akamwambia asubiri msimu, naye akaondoka bila kuaga vizuri. Hilo likachukua nusu saa na chai. Likaisha.

Tulipomweleza tunachotaka akasema yeye haandiki barua, niandike mimi nitakavyo, atasaini. Hapo ningeweza kumwandikia barua nzuri kweli, yenye "bidii" na "uadilifu" na "ushirikiano na wenzake". Kila barua inayotoka dukani kwangu ina hayo maneno, hata ya watu ambao siwajui. Nikamwambia, mzee sema wewe, mimi niwe mkono tu. Akasema, nikaandika, akasaini na kugonga mhuri wa mashine:

"Huyu kijana alikaa kwangu misimu miwili ya mpunga, 2022 na 2023, na alifika 2021 mwishoni. Alikuwa anaendesha mashine ya kukoboa na kutengeneza injini yake, na pawatila za watu wakileta. Injini ikigoma usiku aliamka. Hajaniibia hata debe. Msimu ukiisha kazi ilikuwa hakuna, hilo si kosa lake. Mimi nilikuwa sina cha kumlipa."

Sentensi mbili za mwisho zimetuokoa bila sisi kuziomba. Kazi ya mashine ya mpunga ina msimu: mavuno yanapoanza kuingia, kuanzia Mei hivi, mashine haizimwi, halafu inapoa hadi mwaka unaofuata. Kwa hiyo hata ndani ya miaka aliyokuwa na kazi kuna miezi mitupu, na mtu wa mjini angeiona kama uvivu. Sasa mwenye mashine mwenyewe ameisemea.

Tukiwa tunaaga mzee akanishika mkono, akaongea na mimi, si na yeye.

"Mimi nikichukua kijana siulizi alikuwa wapi. Nauliza ataondoka lini. Huyu wako aliondoka Mafinga kwa sababu ya baba. Mama yupo?"

"Yupo, mzee."

"Akiugua mama, nani anarudi?"

Sikuwa na jibu. Njia nzima hadi Uyole nimekuwa nikilitafuta.

9 Februari

Swali la mzee limegeuza mradi. Tangu Januari tumekuwa tukiyatafutia mapengo vielelezo, kama vile karakana inataka kujua ya 2018. Fundi mkuu hajali 2018. Anajali 2026. Anamweka kijana chini yake, anampa muda wake, kijana anaanza kushika kazi, halafu siku moja simu inalia kutoka Tukuyu. Anaposoma "kumuuguza mzazi" anasoma kwamba katika nyumba hii, mtu akiugua, anayeitwa ni huyu. Na ni kweli, ndiye anayeitwa.

Sasa naelewa kwa nini yale mabano niliyaacha. Yanasema jambo lile limekwisha. Lakini yanasema nusu tu, maana mama yupo.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya printa. Nimempigia kaka.

16 Februari

Kikao kimefanyika Tukuyu, Jumapili baada ya ibada. Mama hakufurahi kujadiliwa kama mgonjwa wakati ana nguvu za kulima ndizi na kutupigia kelele. Kaka alisema kila mtu ana yake. Shangazi alisema kijana wa kiume asiye na mke ndiye mwepesi kuondoka, imekuwa hivyo siku zote.

Nikasema imekuwa hivyo, na ndiyo maana ana miaka 28 na hana cheti cha ufundi. Kimya kikawa kirefu. Sikukusudia kumuumiza mtu.

Tulichokubaliana: mama yuko kwa kaka. Dharura ikitokea, wa kwanza kwenda ni mimi, duka lifungwe. Wa pili mke wa kaka. Mdogo wangu aje kusalimia wikendi, asiitwe kukaa hadi amalize mafunzo. Mama akafunga kikao kwa kusema sisi wote tutatangulia kuugua kabla yake.

20 Februari

Mambo madogo. Barua ya mtaa imepatikana. Mwenyekiti alidai hamfahamu, ikabidi balozi aje. Cheti cha kuzaliwa kipo. Picha amepiga akiwa amenuna, nimemrudisha akapige nyingine.

Bahasha kutoka Mafinga imefika na basi. Yule mama amekuta faili. Cheti cha utumishi kina tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na kazi aliyoifanya: msaidizi kwenye mashine ya kupasua magogo. Nimempigia kumshukuru hadi akacheka.

Kuna mteja ameniuliza kwa nini tusimpeleke mdogo wangu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye urasimishaji wa ujuzi, ule utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa cheti bila kuanza sifuri. Swali zuri, tumelijadili. Kwa mtu aliyejenga nyumba miaka kumi au kushona maisha yake yote, ningesema nenda kesho. Mdogo wangu ameshika injini za aina nyingi, lakini ni za zamani, za mashine zilizokaa mahali pamoja. Lori la sasa lina breki za upepo na umeme unaosomwa kwa kompyuta, na hayo hajayagusa. Akipimwa leo atapata cheti cha anayoyajua. Yeye anataka asiyoyajua. Urasimishaji tumeuweka akiba, maombi haya yakigonga mwamba.

26 Februari

Barua ya maombi. Rasimu yake ya kwanza ilianza na "Naomba radhi kwa kutokuwa na kazi ya kudumu". Nimeikata kwa kalamu nyekundu. Radhi ya nini? Hakuna aliyemkosea. Ya pili ilikuwa na ndoto tangu utotoni za kuwa fundi, ambazo mimi dada yake ndiyo kwanza nazisikia. Utotoni alitaka kuwa kondakta.

Aya tuliyoikubali ni hii, kwa maneno yake, nami nimesogeza nukta tu:

"Kati ya 2017 na 2019 nilikuwa nyumbani nikimuuguza baba yangu hadi alipofariki. Baada ya hapo nimefanya kazi za injini za dizeli Chunya na Igurusi, ambako nililipwa kwa siku au kwa msimu, na wadhamini wangu wanafahamu kazi hizo. Tangu mwisho wa 2023 sijapata kazi ya ufundi. Nimefanya vibarua vya kupakia viazi Uyole na kumsaidia dada yangu dukani. Familia yetu imekubaliana kuhusu matunzo ya mama, hivyo niko tayari kumaliza mafunzo yote bila kukatisha. Najua injini zinazofanya kazi zikiwa zimekaa. Nataka kujifunza zinazotembea."

Huo mstari kuhusu mwisho wa 2023 ulimgharimu. Alitaka kuandika "nilikuwa fundi wa kujitegemea", kwa kuwa aliwahi kutengeneza pikipiki ya jirani. Pikipiki moja haimfanyi mtu kuwa na gereji. Alikuwa hana kazi, na kutokuwa na kazi Mbeya si jinai. Akiwa amesema wazi alipakia viazi, atakayesoma atayaamini na yaliyo juu yake.

5 Machi

Baba mdogo, aliyeendesha malori ya Zambia hadi macho yalipomkataa, amekuja kumfanyia mazoezi ya usaili. Amekaa kwenye kiti changu cha dukani kama hakimu.

"Mwaka jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natafuta kazi, baba mdogo."

"Uliitafuta wapi?"

Akababaika. Kumbe aliitafuta: alikwenda gereji za Nzovwe, akaenda Tunduma, aliomba kiwandani akaambiwa alete cheti. Hayo yote ni majibu, lakini hakuwa ameyapanga kichwani kwa sababu yalimwisha vibaya. Tumeyarudia hadi yanatoka bila aibu. Ushauri wa baba mdogo: ukiulizwa jambo la zamani, jibu kwa sentensi mbili, ya pili imalizikie leo. Ukifika sentensi ya tano umeshaanza kujitetea.

12 Machi

Bahasha imepelekwa kwa mkono, siku mbili kabla ya kufungwa. Mlinzi amesaini kwenye nakala yetu. Hili nalifanya kwa kila mteja: usiache bahasha popote bila sahihi ya aliyepokea.

28 Machi

Ameitwa kwenye usaili. Nasimulia kama alivyonisimulia, akiwa bado na grisi kwenye kucha.

Kulikuwa na watu watatu: mwalimu wa chuo, mtu wa ofisi, na fundi mkuu. Mtu wa ofisi ndiye aliyekuwa na wasifu mbele yake. Akaweka kidole kwenye 2017. Mdogo wangu akajibu kwa sentensi mbili. Fundi mkuu, ambaye alikuwa hajainua kichwa, akauliza: "Mama yako je?" Akaeleza kikao cha Tukuyu, nani anakwenda kwanza, nani anafuata. Fundi mkuu akaandika kitu. Kuhusu Chunya waliuliza injini ya karasha ilikuwa ya aina gani na ilikuwa ikisumbua nini, wakaongea injini kwa muda, na mtu wa ofisi akawa anaangalia saa. Kuhusu viazi hakuna aliyeuliza.

Kisha vitendo. Lori limeinuliwa kwa jeki, gurudumu la nyuma limeshatolewa. Fungua ngoma ya breki, sema unachokiona. Akasema, "Breki za upepo sijawahi kufungua. Naomba nielekezwe pa kuanzia ili nisiharibu." Fundi mkuu akamwonyesha. Akafungua, akataja breki shuu iliyokwisha upande mmoja na mafuta yaliyovujia ndani. Kijana aliyefuata, mwenye cheti, aliingia moja kwa moja na nyundo.

Sijui hilo litahesabiwaje. Mdhamini wa Mbalizi alipigiwa simu saa nane mchana. Mzee wa Igurusi naye alipigiwa, na safari hii alipokea.

11 Aprili

Amechukuliwa. Ujumbe umeingia kwenye simu yangu kwa sababu yake ilikuwa haina chaji. Anaanza 5 Mei, miezi mitatu ya kwanza ikiwa ya majaribio. Nimempigia mama kwanza, kisha Igurusi. Mzee akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," kisha akaulizia kama karakana ile inanunua mashine za mpunga zilizokufa.

17 Aprili

Mkataba umeletwa tuusome, nimemkataza kusaini papo hapo. Posho imetajwa, saa za kazi zimetajwa, siku za darasani zimetajwa. Mambo mawili hayamo: akiumia karakanani nani anagharamia matibabu, na akimaliza atapewa karatasi gani, ya karakana au ya chuo au zote mbili. La pili nimelikazania mimi kuliko yeye. Tumeandika maswali yote mawili kwa barua, tukapeleka, mlinzi akasaini nakala. Mtu wa ofisi amesema ni mara ya kwanza kuulizwa hivyo na mwanagenzi, na kwamba majibu yatakuja baada ya Pasaka.

Kilichobaki ni buti za chuma mbele na ovaroli. Za mtumba zipo pale Sido, ila saizi yake haipatikani kirahisi, ana miguu ya baba.